Kipandauso na Milango ya Seli

Kipandauso ni maradhi ya ubongo ambayo Waswahili waliyapa jina kwa kutazama mahali yanapopanda, yaani upande mmoja wa uso na kichwa, na jina hilo limeshika sifa iliyo wazi zaidi ya ugonjwa huu ingawa limeacha nyingine zisizo ndogo: kichefuchefu na kutapika, macho kushindwa kuvumilia mwanga, masikio kuumizwa na sauti za kawaida kama mchi unaotwanga kinuni kwa jirani, na maumivu yanayogonga kama mapigo ya moyo na kuzidi kila mgonjwa anapoinama au kupanda ngazi. Shambulio moja lisilotibiwa huweza kudumu kwa muda wa saa nne hadi siku tatu. Watu zaidi ya bilioni 1 duniani wanaishi na maradhi haya, na miongoni mwa watu wazima wanawake wanaougua ni mara mbili hadi tatu ya wanaume.

Kwa kuwa picha za ubongo na vipimo vya damu vya mgonjwa huyo kwa kawaida hurudi bila kasoro, jamii imekuwa nyepesi kumhukumu: huambiwa kwamba ana mawazo mengi, kwamba anakwepa kazi, au kwamba ametupiwa jambo, na wapo waliochanjwa chale kwenye paji la uso ili kitu kinachodhaniwa kimo ndani kitoke. Hukumu hizo zimewaongezea wagonjwa machungu wasiyostahili, maana utafiti wa vinasaba uliofanyika tangu miaka ya 1990 umeonyesha kwamba mizizi ya maradhi haya imo katika protini zinazoweza kutajwa kwa jina, zinazotengenezwa kwa maagizo ya jeni zinazoweza kuonyeshwa mahali pake kwenye kromosomu. Jambo linalojitokeza tena na tena katika utafiti huo ni kizingiti. Ubao wa chini wa mlango huzuia maji ya mvua yasiingie ndani, na nyumba mbili za uchochoro mmoja, zikinyeshewa mvua ile ile, moja hubaki kavu na nyingine hufurika kwa sababu tu kizingiti chake kiko chini. Ubongo wa mwenye kipandauso ni nyumba hiyo ya pili: kukosa usingizi, kuchelewa kula, mwanga mkali, au kushuka kwa homoni ya estrojeni siku chache kabla ya hedhi, mambo ambayo ubongo mwingine huyapitisha bila taabu, kwake huvuka ubao.

Kwamba kipandauso hutembea katika ukoo lilikuwa jambo linalojulikana majumbani zamani kabla ya maabara, kwani mara nyingi mama, bibi na shangazi hufunga kichwa kanga kwa namna ile ile na kujifungia katika chumba kile kile chenye giza. Swali gumu lilikuwa ni kiasi gani cha mfanano huo kinatokana na damu na kiasi gani kinatokana na kuishi pamoja, na jibu lilipatikana kwa kuchunguza mapacha. Mapacha waliotokana na yai moja wana DNA ile ile, DNA ikiwa ni uzi mrefu wa kikemikali unaobeba maagizo ya mwili, ilhali mapacha waliotokana na mayai mawili hushirikiana takriban nusu ya tofauti za urithi kama ndugu wengine wowote. Na kwa kuwa mapacha wa aina zote mbili hulelewa nyumba moja na kula chungu kimoja, kiwango ambacho wale wa kwanza hufanana zaidi kwa ugonjwa huonyesha uzito wa urithi. Kwa kipandauso uzito huo umekadiriwa kuwa kati ya asilimia 40 na 60. Takwimu hiyo inaeleza tofauti kati ya watu ndani ya jamii nzima, wala haimaanishi kwamba mtoto wa mama mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 60 wa kuugua, na ni vyema izingatiwe hivyo kwa sababu wazazi wengi hujilaumu pasipo sababu.

Mlango wa kwanza wa kuingilia katika jeni zenyewe ulifunguliwa na aina adimu ya maradhi haya, ile ambayo mgonjwa hupooza upande mmoja wa mwili kwa muda wa dakika au saa kadhaa kisha nguvu zikarudi. Aina hiyo hurithiwa kwa njia nyofu, kwa kuwa jeni moja yenye kasoro kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kuleta ugonjwa, hivyo kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili za kuirithi. Mwaka 1996 kundi la watafiti wa Leiden nchini Uholanzi, wakiwemo Roel Ophoff na Michel Ferrari, lilitangaza kwamba limeipata jeni hiyo katika kromosomu ya 19, nayo ikaitwa CACNA1A.

Kazi ya jeni hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Seli ya neva, yaani niuroni, imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta ambao chembe zenye chaji ya umeme, ziitwazo ioni, haziwezi kuupenya zenyewe, kwa hiyo utando huo umetobolewa na protini zilizo kama milango, kila moja ikipitisha ioni za aina yake: sodiamu, potasiamu au kalsiamu. CACNA1A ina maagizo ya kutengeneza mlango wa kalsiamu unaokaa kwenye ncha ya niuroni, pale inapokutana na niuroni jirani. Umeme unapofika kwenye ncha hiyo mlango hufunguka, kalsiamu huingia, na kalsiamu hiyo huamrisha vifuko vidogo vimwage kemikali ya kupeleka ujumbe, ambayo katika gamba la ubongo mara nyingi ni glutamati, kemikali ya kuamsha. Protini ya mlango huu imeundwa kwa mnyororo wa viungo zaidi ya 2,000, viitwavyo asidi amino, na katika baadhi ya koo zilizochunguzwa kiungo kimoja tu, kile cha nafasi ya 192, kilikuwa kimebadilishwa, glutamini ikiwa imekaa mahali pa arjinini. Herufi moja ya DNA imekosewa kati ya herufi bilioni 3, na kwa kosa hilo mlango hufunguka kwa msukumo mdogo wa umeme kuliko kawaida, glutamati ikamwagika kupita kiasi.

Jeni ya pili, ATP1A2, ilitangazwa mwaka 2003 na watafiti wa Italia, nayo haitengenezi mlango bali pampu. Pampu hiyo, katika ubongo wa mtu mzima, imo hasa ndani ya astrositi, seli zenye umbo la nyota zinazozihudumia niuroni, na kila inapozunguka mara moja hutoa ioni 3 za sodiamu nje ya seli na kuingiza ioni 2 za potasiamu, na kwa kazi hiyo huiwezesha astrositi kufyonza glutamati iliyobaki baada ya ujumbe kufika. Pampu ikilegea, potasiamu na glutamati hubaki zikielea katika nafasi finyu iliyo kati ya seli. Jeni ya tatu, SCN1A, iliyotangazwa mwaka 2005, huunda mlango wa sodiamu, na ni ile ile ambayo kasoro zake za namna nyingine huleta kifafa kikali cha utotoni. Jeni tatu zilizo katika kromosomu tatu tofauti zinaishia mahali pamoja: potasiamu na glutamati zikirundikana nje ya seli kuliko inavyopaswa. Kukutana huko kunaelekeza kwenye jambo lililokuwa limeonekana tangu miaka ya 1940.

Kati ya robo na theluthi ya wagonjwa wa kipandauso hupatwa na dalili tangulizi kabla ya maumivu. Ile ya kawaida kabisa ni ya macho: kidoa chenye kumeremeta hutokea karibu na kitovu cha mtazamo, kikapanuka polepole na kuwa upinde wenye kingo za menomeno kama msumeno, ukielekea pembezoni mwa jicho na kuacha nyuma yake eneo lisiloona kitu, na baada ya dakika kama 20 hadi 30 hutoweka. Mwanasaikolojia wa Marekani Karl Lashley, aliyekuwa na dalili hizo mwenyewe, alizichora kwenye karatasi kila baada ya muda, kisha akapiga hesabu na kueleza mwaka 1941 kwamba kinachozileta husafiri juu ya gamba la ubongo kwa mwendo wa takriban milimita 3 kwa dakika. Miaka mitatu baadaye Mbrazili Aristides Leão, akiwachunguza sungura katika Chuo Kikuu cha Harvard kwa kusudi la kukielewa kifafa, aliona shughuli za umeme za gamba la ubongo zikizimika mahali alipoligusa, na uzimaji huo ukitambaa kwenda mbele kwa mwendo unaokaribiana sana na ule. Jambo hilo linaweza kuitwa mfifio mtambao: niuroni huwaka kwa pamoja kwa muda mfupi, potasiamu na glutamati zinazotoka humo huziwasha niuroni za jirani, na nyuma ya wimbi hilo hubaki ukimya wa dakika kadhaa, kama moto wa nyikani unaoacha majivu unakopita.

Mwaka 2001 watafiti wa Boston walifaulu kulipiga picha wimbi linalolingana na hilo katika ubongo wa binadamu, mmoja wa washiriki wao akiwa mtu aliyejua kwamba mchezo wa mpira wa kikapu humletea dalili tangulizi. Uthibitisho ulio karibu zaidi na jeni ulipatikana mwaka 2004, pale watafiti wa Leiden na wenzao walipowapandikiza panya kosa lile la nafasi ya 192. Panya hao walionekana wazima kwa nje, lakini msukumo uliohitajika ili mfifio mtambao uanze katika ubongo wao ulikuwa mdogo kuliko wa panya wa kawaida, na ulipoanza wimbi lao lilikimbia kwa kasi zaidi. Kizingiti, ambacho hadi wakati huo kilikuwa namna ya kusema tu, kilikuwa kimepimwa kwa vipimo vya umeme.

Ubongo wenyewe hauna neva za kuhisi maumivu, na mpasuaji anaweza kuukata mgonjwa akiwa macho bila yeye kuumia. Kinachouma ni utando unaoufunika pamoja na mishipa ya damu iliyomo ndani yake, ambayo huhudumiwa na neva ya trijemini, ile inayopeleka hisia za uso, na ndiyo sababu maumivu hukaa upande mmoja, kwenye panda la uso na nyuma ya jicho. Ncha za neva hiyo zikiamshwa humwaga protini fupi yenye asidi amino 37, iitwayo CGRP, ambayo hutanua mishipa ya damu na kuzifanya neva ziwe nyepesi kuhisi. Asili yake ni ya ajabu kidogo: ilibainika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba jeni moja husomwa kwa namna mbili, katika tezi ya thairoidi ya shingoni ikatoa homoni ya kalsitonini, na katika neva ikatoa CGRP. Mwaka 1990 Peter Goadsby na Lars Edvinsson walionyesha kwamba CGRP hupanda katika damu ya mshipa wa shingo wakati wa shambulio, na mwaka 2002 kundi la Jes Olesen nchini Denmark lilionyesha kwamba wenye kipandauso wakitiwa CGRP mshipani baadhi yao hupatwa na shambulio kamili. Lakini daraja kati ya wimbi la ndani ya ubongo na neva iliyo nje yake lilibaki fumbo kwa muda mrefu, hadi mwaka 2024, ambapo utafiti uliofanywa kwa panya ulionyesha kwamba baada ya wimbi kupita, protini zinazotolewa, CGRP ikiwemo, huchukuliwa na maji ya ubongo hadi kwenye fundo la neva ya trijemini na kuliamsha moja kwa moja.

Koo zenye kipandauso cha kupooza ni chache, na wagonjwa walio wengi hawana kosa moja kubwa bali mkusanyiko wa tofauti ndogo ndogo, kila moja ikiongeza hatari kwa kiasi kidogo mno. Ili kuzipata hulinganishwa jenomu, yaani jumla ya DNA yote, za wagonjwa na za wasiougua kwa idadi kubwa. Uchunguzi mkubwa wa namna hiyo uliochapishwa mwaka 2022 ulihusisha wagonjwa 102,084 na watu 771,257 wasio na maradhi, ukabainisha sehemu 123 za jenomu zinazohusika. Wengi walitarajia kwamba sehemu hizo zitakuwa za milango ya ioni pekee; badala yake nyingi zilielekea kwenye jeni zinazofanya kazi katika misuli laini ya mishipa ya damu. Mfano mmoja ni tofauti iliyo ndani ya jeni PHACTR1, ambapo herufi inayoongeza hatari ya kipandauso ndiyo hiyo hiyo inayopunguza hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo. Mabishano ya miongo mingi kuhusu iwapo kipandauso ni ugonjwa wa mishipa au wa neva yamepata jibu ambalo kila upande ulikuwa na sehemu yake, ingawa kusema kweli wimbi na neva ndivyo vinavyoeleza dalili nyingi zaidi.

Kasoro ya tafiti hizo, nayo si ndogo, ni kwamba karibu watu wote waliopimwa wana asili ya Ulaya. Hasara yake inaonekana vizuri katika jeni TRPM8, inayotengeneza mlango wa ioni unaohisi baridi. Mlango huo hufunguliwa pia na mentholi, kemikali ya mnanaa, ndiyo maana dawa ya kuchua ambayo wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hujipaka kwenye panda za uso huleta ubaridi ilhali ngozi haijapoa. Karibu na jeni hiyo ipo herufi ya DNA yenye sura mbili, ya kale na mpya, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Felix Key, Aida Andrés na wenzao ulionyesha kwamba sura mpya, ambayo huenda iliwasaidia binadamu waliohamia nchi za baridi, inabebwa na asilimia 5 ya kromosomu zilizopimwa Nigeria na asilimia 88 za Ufini. Sura hiyo mpya ndiyo inayoambatana na hatari kubwa zaidi ya kipandauso.

Kutokana na hilo ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba Waafrika wamekingwa, hasa kwa vile uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanyika vijijini kusini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta kipandauso kwa takriban asilimia 5 tu ya waliohojiwa. Hitimisho hilo lingekuwa kosa. Tafiti za baadaye zilizotumia mahojiano ya aina nyingine zilikuta takriban asilimia 23 nchini Zambia na karibu asilimia 18 nchini Ethiopia, viwango visivyo chini ya vile vya Ulaya, na tofauti ya namna hiyo kati ya nchi hizo huweza kutokana na jinsi maswali yanavyoulizwa kuliko damu ya wanaoulizwa. Herufi moja kati ya mamia haiwezi kulikinga bara zima, na hizo nyingine zinazopandisha au kushusha kizingiti katika jenomu za Waafrika, ambazo zina tofauti nyingi kuliko za watu wa bara lingine lolote, bado hazijatafutwa kwa uzito unaostahili.

Maarifa haya yamekwisha kuzaa dawa. Kingamwili zilizotengenezwa maabara ili kuizuia CGRP au mlango wake wa kupokelea zilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 2018, na kati ya sehemu 123 za jenomu zilizotajwa ipo inayoangukia kwenye jeni za CGRP yenyewe na nyingine kwenye jeni ya kipokezi cha serotonini kinacholengwa na dawa mpya ya shambulio. Bei ya kingamwili hizo haiwezi kumudiwa na mgonjwa wa kawaida wa Mwanza au Mombasa. Hata hivyo dawa kongwe na za bei nafuu za kuzuia mashambulio, zikiwemo propranololi na amitriptilini, zinapatikana katika maduka mengi ya dawa kwa cheti cha daktari, ambaye lazima kwanza ajue kama mgonjwa ana pumu, kwa kuwa propranololi humdhuru mwenye pumu. Namna zinavyofanya kazi haikujulikana vizuri hadi mwaka 2006, pale Cenk Ayata na wenzake walipowapa panya dawa tano za aina hiyo, zote zikiwa za familia tofauti za kikemikali, wakakuta kwamba kila moja ilipandisha kizingiti cha mfifio mtambao na kupunguza idadi ya mawimbi. Dawa hizo hazikufanya hivyo kwa dozi moja, bali baada ya kutumiwa kila siku kwa majuma kadhaa, na kadiri siku zilivyoongezeka ndivyo kizingiti kilivyozidi kupanda. Mgonjwa anayevitupa vidonge vyake siku ya tano kwa kuwa kichwa kimemgonga tena, na ambaye pengine hakuna aliyemweleza jambo hili wakati anakabidhiwa bahasha ya dawa dirishani, huwa ameviacha ubao ukiwa haujaanza kuinuka.